Breki Zisizolia

Mwezi uliopita tulimzika Baba Neema kule Kitahana, na mimi nilikula. Naanza na hilo kwa sababu nikiliacha la baadaye nitalificha, najijua. Nilikaa na wasichana wenzangu nyuma ya nyumba, upande wa moshi, nikapewa sahani ya ugali wa muhogo na maharage yaliyokolea mawese, na nilikuwa na njaa ya kweli maana tulitoka Kibondo asubuhi bila chai. Mbele yetu kina mama walikuwa wanasugua masufuria kwa majivu, wanaongea vile watu wanavyoongea msibani wakishachoka kulia. Mmoja akasema, "Afadhali kapumzika. Miaka mitatu anapigiwa kelele kama yuko ng'ambo ya mto." Mwingine, mnene, kanga kaifunga kiunoni, akajibu, "Yule masikio yalimtupa kitambo. Nadhani hata Mungu alimwita kwa kumpungia mkono." Wakacheka kile kicheko cha msibani kinachofunikwa na kiganja. Mimi tonge lilikuwa mdomoni. Uani pale pote nilikuwa peke yangu niliyejua kwamba masikio ya Baba Neema hayakuwa na kosa, na nililijua hilo tangu nikiwa kidato cha tatu, na sikumwambia mtu. Nikatafuna. Nikameza. Mtu akaniongezea maharage, nikala na hayo.

Tuliporudi nilitoa daftari la mwaka ule chini ya godoro. Sasa niko kidato cha sita, nasoma bweni Kasulu, na nyumbani nipo kwa likizo tu, lakini madaftari yangu hayajawahi kuhama. Mimi ni mtu wa kuandika kwa sababu kusema kunanishinda. Mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalo, jibu linafika kooni linageuka. Watu husema, "Dina mpole, Dina ana adabu," na nilikuwa naipenda sifa hiyo. Siku hizi nikiisikia natazama chini kwa sababu nyingine.

Mwaka ule nilikuwa naishi kwa baba mdogo Zabroni na mama mdogo Adela, Kibondo mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule ambayo nusu yake ilikuwa stoo ya gari. Mgeni akija anakalishwa kwenye kochi, na kochi lisipotosha anakalishwa kwenye tairi la akiba lililotandikwa kitambaa cha kufuma. Spana zilikaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Chumba changu kilikuwa nyuma ya pazia, na harufu ninayoikumbuka ni ya grisi na dagaa kwa pamoja, kiasi kwamba mpaka leo nikipita gereji nasikia njaa. Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu, nyeupe kwa kadi, nyekundu kwa vumbi. Baba mdogo alikuwa anabeba nalo maharage, muhogo, magodoro, kreti za soda, kati ya Kibondo na Kasulu, mara mojamoja mpaka Kakonko. Na breki zake zilikuwa zinalia.

Sijui niielezeje sauti ile kwa mtu ambaye hakuisikia. Ilianza chini kama mtu anayeguna, ikapanda, ikawa nyembamba, ikakaa hukohuko juu mpaka gari lisimame, na gari lenyewe halikusimama upesi. Kwenye mteremko wa kuingia mjini, pale lami inaposhuka mpaka darajani halafu inapanda tena, baba mdogo alikuwa anaweka gia huru ili asile mafuta, gari linateleza kimya, halafu katikati ya mteremko anaanza kukanyaga. Basi mji mzima unajua Zabroni anarudi. Mama mdogo alikuwa anachemsha maji yakae tayari, akiisikia ile sauti ndipo anamimina unga. Baba mdogo akinawa mikono, ugali unapinduliwa kwenye sahani. Hawakuwahi kupishana hata siku moja, na sisi tulidhani hayo ndiyo mapenzi.

Shuleni ilikuwa balaa. Darasa letu lilikuwa karibu na barabara, na kulikuwa na msichana anaitwa Happiness, baba yake ofisa aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, mwenye mdomo na Kiswahili cha redioni. Sauti ikianza tu kule mteremkoni, anaweka kalamu chini. "Jamani, mbuzi wa kina Dina anachinjwa tena. Kila siku hafi?" Darasa linaangua. Mwalimu wa jiografia naye anainamisha kichwa asionekane anacheka. Mimi nilikuwa nachora mistari pembeni ya daftari mpaka ipite. Nimekuta ukurasa wa mwezi wa tatu nilipoandika: *Leo mara mbili. Naomba Mungu breki za baba mdogo zife.* Nimeisoma mara nyingi sentensi hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na sita na sikujua kwamba breki zikifa ni nini hufuata. Nilitaka tu ukimya.

Baba Neema alikuwa mtu wa Jumanne. Alileta ndizi mjini kwa baiskeli kutoka Kitahana, mikungu minne, mitano, amefunga kwa kamba za mpira mpaka ukimtazama kwa nyuma huoni mtu, unaona shamba linatembea. Mkungu mmoja ulikuwa wa mama mdogo. Akifika anaegemeza baiskeli kwenye mti wa ua, anainama kidogo, anapiga makofi taratibu vile wazee wetu wanavyoamkia, "Mwakeye, mwanangu," na mimi najibu kwa makofi tu. Hakunilazimisha. Wengine wote wakubwa walikuwa wananiambia, "Ongea, umemeza ulimi?" Yeye alikuwa anasema, "Makofi yanatosha, nimekusikia." Nadhani ndiyo maana nilikuwa napenda nimpelekee maji mimi mwenyewe.

Siku moja nilimwona anatazama soli ya ndala yake ya kushoto, ile ya tairi. Ilikuwa imelika katikati, ina bonde. Baiskeli za ndizi hazina breki, au zinazo kwa jina. Mtu akiteremka anapeleka mguu nyuma, anabana kisigino kwenye tairi, na moshi unatoka. Mama mdogo akamwambia, "Baba Neema, iko siku utafika huku umeungua mguu mpaka gotini." Akacheka. "Mimi nina breki nyingine, mama. Breki yangu ni gari la mzee wako." Akatueleza. Pale mteremkoni waendesha baiskeli wote walikuwa wanangoja gari lipite, halafu wanafuata nyuma yake, karibu, maana gari linafagia njia: mbuzi wanakimbia, watoto wanakimbia, huhitaji kupiga kengele. Hatari ni gari likipunguza. "Lakini la Zabroni linapiga kelele kwanza, linasimama baadaye. Likiguna tu, mimi mguu kwenye tairi. Mpaka lisimame, nimeshasimama siku nyingi." Mama mdogo akamwambia kumbe siku hizi breki zetu zinagawiwa mji mzima bure. Walicheka wote wawili, na mimi nilicheka ndani ya kikombe.

Mwezi wa nane, baba mdogo akiwa na shehena ya maharage, ng'ombe aliingia barabarani karibu na daraja. Baba mdogo alikanyaga tangu katikati ya mteremko, gari likalia, likalia, likamfikia ng'ombe, ng'ombe akajitoa mwenyewe, gari likaenda kugusa nguzo ya daraja na kukaa hapo. Hakuna aliyeumia. Jioni hiyo ugali ulikuwa tayari naye hakula. Alikaa kwenye tairi la akiba, si kwenye kochi, akawa anageuza kijiko. "Adela, leo nilikanyaga mpaka sakafuni. Angekuwa mtoto?" Mama mdogo akasema, "Hakuwa mtoto." "Ndiyo nakuuliza, angekuwa?" Nilikuwa nyuma ya pazia naandika. Ninataka hili lieleweke: baba mdogo alibadilisha breki kwa sababu aliogopa kuua mtu.

Fundi alikuwa Kasulu. Anaitwa Byamungu, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa na kibali cha kutoka, mrefu, mtaratibu, anavaa tai ndani ya ovaroli, sijui kwa nini na hakuna aliyemuuliza. Ilikuwa likizo fupi ya mwezi wa tisa, baba mdogo akanichukua ili nikamshikie vitu. Kwenye gereji, yaani kiwanja chenye mwembe uliokatwa matawi na mabati manne, Byamungu alifungua magurudumu ya mbele akatuonyesha ngoma za chuma na vile viatu vya breki vilivyokaa ndani yake, vimelika mpaka chuma kinasugua chuma. "Sikiya, papa. Hii njo inalia. Na ikipata moto, inakataa kushika. Hii gari inabeba tani, lakini frein yake, hii breki, ni ya kubeba kuku." Kwenye gunia alikuwa na diski mbili pana alizozitoa kwenye gari kubwa lililopinduka zamani, kazipiga msasa mpaka zinang'aa kama sahani za harusini, na vyuma vyake vya kuzibana pande zote mbili, na pedi mpya. "Na hizi?" baba mdogo akauliza. "Hizi? Hizi ukikanyanga, inasimama. Haiombi ruhusa."

Kazi ilichukua siku nzima. Alasiri ikabaki kutoa upepo kwenye mipira ya breki, na baba mdogo alikuwa amekwenda kula na kutafuta mzigo wa kurudi nao. Byamungu akaniambia nipande nikae kwa dereva. Yeye akalala chini ya gari, naona viatu vyake tu. "Kanyanga. Kanyanga tena. Bakia pale. Bakia pale, usitoe... Bon. Achilia." Mwanzoni pedali ilikuwa inazama kama mguu unaoingia kwenye matope. Kila akifungua na kufunga, ikawa inapanda, inagoma, mpaka nikakanyaga kwa nguvu zangu zote ikasimama juu, ngumu, kama imekutana na jiwe. Nilifurahi. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilifurahi, lakini nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Mguu wangu ndio ulioingiza nguvu mle.

Byamungu akatoka chini, akajifuta mikono, akaja dirishani. Akazungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ndiye mwenye gari. "Mademoiselle, sikiya. Frein mupya haina makelele. Batu ya kule ku mulima banazoea makelele. Ile gari ilikuwa inabaambia. Sasa haibaambie tena. Ambia papa yako, huu mwezi wote, akishuka mulima apige klakisoni kwanza, njo akanyange. Mupaka batu bazoee. Umesikiya?" Nikaitikia kwa kichwa. "Utamuambia?" Nikaitikia tena. Mteja mwingine akamwita, na baba mdogo aliporudi na mzigo wake, Byamungu alikuwa chini ya lori. Akatoa mkono tu, wakaagana kwa kushikana kiwiko kwa sababu kiganja kilikuwa na mafuta.

Njia nzima ya kurudi, kuanzia Kasulu mpaka tunaona taa za Kibondo, baba mdogo aliongea. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa anakanyaga hata pasipo na haja, gari linainama pua na kusimama, anageuka kunitazama. "Umeona? Umesikia kitu?" "Hapana baba." "Hakuna! Kama la mkurugenzi!" Mara tatu nilifungua mdomo. Mara ya kwanza alikuwa anaimba. Mara ya pili alikuwa anasema kwamba yule Happiness sijui nani sasa atafute mbuzi mwingine, na sikujua kwamba alikuwa anajua habari ya Happiness, nikaona haya. Mara ya tatu tulikuwa tumeshaingia uani. Mama mdogo alitoka jikoni ameshika mwiko mkavu. "Mmepitia wapi? Mbona sijawasikia?" Maji yalikuwa yanachemka bila unga. Tulikaa kungojea ugali, tunacheka, baba mdogo anampigia mkewe makofi: "Leo nimekukamata!" Usiku ule niliandika: *Breki zimefungwa. Hazilii kabisa. Fundi kasema nimwambie baba mdogo apige honi mteremkoni mwezi mzima. Kesho nitamwambia.* Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nimeandika habari za shati langu la shule. Jumamosi nimeandika: *Ile honi, kesho.* Jumapili sikuandika. Jumatatu nimeandika neno moja, *kesho*, na nimelipigia mstari, kana kwamba mstari ndio ungesema kwa niaba yangu.

Watu wenye ulimi mwepesi hawawezi kuelewa. Kumwambia mtu mzima afanye hiki ni kama kumfundisha. Na alikuwa na furaha. Na apige honi mwezi mzima mteremkoni kama gari la bwana harusi, baada ya kufurahia kimya namna ile, mimi nimwambie? Nilikuwa najipangia sentensi. "Baba, fundi alisema." "Baba, kuna kitu fundi alisema." Nilizipanga nikiwa naosha vyombo, nikiwa nafagia, zilikuwa nzuri sana.

Jumanne tulikwenda mimi na yeye kuchukua muhogo upande ule. Tulipokuwa tunarudi, juu ya mteremko, tulimkuta Baba Neema ameegemea baiskeli yake anangoja, mikungu mitano nyuma. Baba mdogo akapunga mkono, naye akapunga. Tukampita. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona anaruka juu ya tandiko na kufuata nyuma yetu, kama siku zote, na nilifikiri, sasa, sema sasa. Baba mdogo akaweka gia huru. Gari likateleza. Upepo tu. Katikati ya mteremko ndama akatoka kwenye majani upande wa kulia, mdogo, miguu bado haijui lami. Baba mdogo akakanyaga. Gari likasimama palepale, kama limeshikwa bega. Ndama alikuwa mbali bado, anatutazama. "Umeona!" baba mdogo akasema, amegeuka kwangu, anacheka meno yote. "Umeona, Dina! Angekuwa mto..."

Ndipo nyuma pakapigwa. Haukuwa mshindo mkubwa. Ulikuwa kama gunia linalotupwa kwenye bodi, halafu ndizi zikaanza kuanguka juu ya paa, moja moja, mbili mbili.

Trafiki alikuja akapima kwa hatua zake, akapanda mwenyewe akaendesha kidogo na kukanyaga, akashuka anatikisa kichwa. "Breki hizi nzuri kuliko za gari letu." Akaitazama baiskeli. "Na hii breki yake iko wapi?" Mtu akamwonyesha ndala. Ikaandikwa kwamba mwenye baiskeli alifuata karibu mno, na hapo ikaisha. Nyonga ya Baba Neema ilikuwa imevunjika, na mguu wa kulia mahali pawili. Hospitali walifanya waliloweza.

Alirudishwa nyumbani mvua zikiwa zimeshaanza. Tulikwenda kumwona sote watatu, baba mdogo mbele, mama mdogo kabeba sukari na sabuni, mimi nimebeba mchele. Chumba chake kilikuwa kidogo, dirisha la ubao, na ile baiskeli walikuwa wameiegemeza ukutani ndani, gurudumu la mbele limekunjwa kama chapati. Kitanda kilikuwa kimesogezwa ili aione njia. Mama Neema akatuletea uji kwenye vikombe vya bati. Baba Neema akapiga makofi taratibu akiwa amelala. "Mwakeye, mwanangu." Nikajibu kwa makofi.

Halafu akasema lile ambalo nimeishi nalo. "Zabroni, mimi ndiye mwenye kosa. Usilale ukifikiri. Nilikuwa nangoja ilie. Nikajiambia, ikiguna tu mguu kwenye tairi. Kumbe imeguna, mimi sikusikia. Uzee umeniingilia masikioni." Baba mdogo akasema, "Mzee, breki nimebadilisha, ni za diski." Baba Neema akapunga mkono. "Mpya, kuukuu, breki ni breki. Chuma kikishika chuma, kinalia. Umewahi kuona breki isiyolia?" Baba mdogo akainamia kikombe chake. Nilimtazama, na naamini hakuwa anaficha kitu, hakujua tu kama kwa nyuma hazisikiki. Gari lilikuwa lake, ukimya aliuzoea ndani ya siku mbili, na hakuwahi kukaa nyuma ya gari lake mwenyewe. Ndipo Baba Neema akageuza shingo kwangu. "Wewe ulikuwa ndani. Ililia?"

Uji ulikuwa wa moto, nakumbuka, kikombe kinaniunguza na sikukiweka chini. Wote walikuwa wananitazama. Ilikuwa neno moja tu. Ningesema "haikulia," wangeniuliza unajuaje, na ningesema fundi alisema, na wangeniuliza ulimwambia baba yako? Nikasema, "Sikumbuki, baba."

"Si unaona," akasema, na akamgeukia mkewe. "Masikio."

Wiki iliyofuata Neema, binti yao, alikuja kwetu na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. "Baba kasema pole kwa mlango wa nyuma wa gari. Kasema msamehe, masikio hayakusikia." Mama mdogo alikaa chini kabisa, kwenye sakafu. Lakini kwetu ukimkataa kuku wa mtu aliyekuja kuomba radhi, umemwambia bado una neno naye. Akapokewa, akachinjwa, akapikwa kwa mawese na nyanya. Baba mdogo akachukua firigisi, sehemu yake, akaiweka kwenye sahani yangu. "Kula wewe. Ulipata mshtuko." Ilikuwa tamu. Ninaandika kwa sababu nimeahidi kuandika kweli: ilikuwa tamu, na sahani niliilamba.

Tangu hapo watu wakaanza kumpigia kelele. Ukifika kwao unasikia tangu njiani, "BABA NEEMA, UMEAMKAJE!" Kanisani, Jumapili alizobebwa kupelekwa, walimwekea benchi la mbele, karibu na kwaya, na mchungaji akimsalimia anainama sikioni. Yeye anaitikia polepole, kwa sauti yake ileile. Nilikuwa namwona kila likizo, na kila likizo nilikuja nayo ile sentensi, na kila likizo niliondoka nayo. Hakupanda baiskeli tena. Ndizi za mama mdogo zikawa zinaletwa na mtu mwingine, siku nyingine. Happiness alihama kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na hakuna aliyenicheka tena. Mwaka huu Baba Neema alishikwa na kifua, mtu aliyelalia ubavu mmoja miaka mitatu, na hakukaa.

Siku ya kuanua matanga nilikwenda tena. Baba mdogo alinishusha akaendelea na safari yake, akasema atanipitia jioni. Nilimkuta Mama Neema peke yake upande wa jikoni, anachambua maharage kwenye ungo. Nikakaa, nikaanza kuchambua pamoja naye. Sentensi zangu nzuri zote zilikuwa zimekufa. Nikasema tu, nikiwa natazama ungo, "Mama, masikio ya baba yalikuwa mazima."

Akatoa jiwe, akalitupa. "Najua."

Nikamtazama.

"Nilikuwa namnong'oneza Neema hapa hapa jikoni kwamba chumvi imekwisha, yeye anajibu toka kitandani, 'Kakopeni kwa jirani.' Kiziwi gani huyo?" Akachambua. "Nikamwambia, wewe unasikia. Akaniuliza, kama si masikio, basi ilikuwa nini? Nikamwachia masikio yake."

Nikamweleza. Gereji, Byamungu, pedali, honi, kesho, ile "sikumbuki." Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, lakini nilieleza mpaka mwisho. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliendelea na maharage muda mrefu kiasi kwamba nilidhani labda sikusema kwa sauti.

"Miaka mitatu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unakuja kanisani, unakaa benchi la nyuma yake."

"Ndiyo, mama."

Hakunisamehe na hakunifukuza. Aliinua ungo akapeta, makapi yakaruka, akasema maharage ya mwaka huu yana mawe mengi. Jioni akasema atanisindikiza mpaka barabarani, maana mgeni husindikizwa. Baba mdogo bado hajui lolote. Nitampa daftari hili alisome, kwa sababu kumwambia kwa mdomo, najijua.

Tukafika juu ya mteremko, tukasimama kando ya lami. Mama Neema aliipa barabara mgongo, anatazama upande wa nyumbani kwake, kule moshi wa matanga ulikokuwa unaishia. Nikaliona gari linakuja kwa mbali, taa hazijawashwa, limewekwa gia huru, linateleza. Nikangoja aseme kitu, au ageuke. Likaja, likakaribia, baba mdogo akakanyaga, likasimama hatua mbili nyuma yake.

Hakugeuka mpaka nilipomgusa bega.